Mkono wa Binti Mukbil

Sheikh Uthman, Aden
2 Juni 1991

Kwa Mama Nashwan,

Salamu nyingi kwako na kwa mwanetu. Ningekutumia na joto la huku ulionje, ila halifungiki kwenye bahasha. Mkahawa nimeufungua. Siku ya kwanza waliingia watu saba, na nadhani watano walifuata feni.

Nikawaletea salta, mchuzi wetu wa nyama, kwenye chungu cha jiwe, inachemka, povu la uwatu limefura juu. Mmoja akaniuliza, "Hili ni la kula au la kunyolea ndevu?" Mwingine akataka samaki. Nikawaambia, "Jamani, kuleni kwanza, matusi baadaye." Nikaweka sahawik yako, ile pilipili ya kusaga, kwenye visahani, kijiko kimoja kimoja. Wallahi! Yule wa ndevu alichovya mkate, akatafuna, jasho likamtoka, halafu akavuta kisahani cha jirani yake. Jirani akamshika mkono. Nusura watu wazima wapigane kwa ajili ya pilipili.

Sasa adhuhuri hapana pa kukaa. Mzee Salmin, mwenye jengo, anakula hapa kila siku. Jana kaniambia, "Abdulwali, jengo hili nilikuwa nimemwahidi mpishi wa wali. Wewe nimekuweka kwa muda tu. Lakini sasa moyo unanigeuka." Anaoza mwanawe Alhamisi ya tarehe nne Julai, baada ya Idi, na anataka salta iwe chakula cha mchana cha wanaume. Ikiwapendeza wageni, mahali hapa ni petu. Isipowapendeza, nafunga virago narudi.

Kwa hiyo mpe Hizam dereva makopo mengine, yale manne yamekwisha. Tena niandikie vipimo: jira kiasi gani, iliki ngapi, kitunguu saumu kiasi gani. Maana safari ni ndefu na pilipili haipendi jua.

Mumeo,
Abdulwali


Sanaa, 6 Juni 1991

Kwa Baba Nashwan,

Wa alaika salamu, wewe na feni yako. Nimefurahi mpaka nikatoka kibarazani kumwambia jirani. Nashwan hajambo, ila viatu vyote vimembana, anakua kama mgomba.

Unauliza jira kiasi gani. Kiasi cha kutosha. Iliki? Usizidishe. Nilijifunza kuandika juzi juzi kwenye darasa la kina mama, lakini hata mwalimu wangu asingeweza kuandika kitu kinachopimwa kwa pua. Unaanza na kitunguu saumu na chumvi, kisha pilipili, na kotimiri mwisho kabisa, ikiwa kavu. Unasaga jiwe juu ya jiwe mpaka mkono wenyewe ukwambie basi. Mkono wako hautakwambia kitu, haujui.

Sasa nina swali langu. Jana barazani kwa wanawake, Katiba mke wa Hizam kanipiga begani mbele ya kina mama wote: "Hongera, shoga! Hizam anasema mumeo huko Aden anasaga sahawik kwa mkono wake mwenyewe, watu wanamwita Fundi wa Pilipili. Wewe kazi yako kukaa na kutafuna mirungi tu!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, ungefanyaje mbele za watu? Lakini nimerudi nyumbani nimekaa kwenye ngazi muda mrefu.

Niambie, huko mkono wangu umekuwa wako tangu lini? Nimempa Hizam makopo mawili. Mengine yanangoja jibu.

Mama Nashwan


Sheikh Uthman, Aden
11 Juni 1991

Kwa Mama Nashwan, mwenye hasira tamu,

Makopo yamefika. Mungu akuzidishie.

Hizam ana mdomo mrefu kuliko barabara anayopita. Mambo yalikuwa hivi: mteja aliuliza, "Nani kasaga hii?" Ulitaka nijibu nini? Nisimame katikati ya wanaume nitaje mke wangu kwa jina? Hata maadui zangu hawalijui jina lako, na hiyo ndiyo heshima yako. Nikasema "mimi." Neno moja tu. Wao ndio walioongeza ufundi.

Halafu kuna Ami Sarhan. Atakuja harusini, yeye na Mzee Salmin ni marafiki tangu enzi za biashara ya kahawa. Unamjua Ami. Alinilea tangu baba yangu alipofariki, na sahawik hii ndiyo kitu pekee anachonisifia. Kila akila kwenye mkahawa wetu huko Sanaa huwaambia watu, "Hii ladha ya mtoto wa kabila! Damu haifichiki!" Nimvunje moyo mzee yule kwa ajili gani?

Kuhusu usagaji usiwe na wasiwasi. Nimenunua blenda. Kitu cha kisasa, unabonyeza tu. Vijana wangu wanasema haina tofauti. Wewe nitumie makopo ya harusini, lakini ukichoka si lazima, nitajimudu.

Abdulwali


Sanaa, 15 Juni 1991

Kwa Abdulwali,

Habari za blenda ninazo, Hizam huwatoza watu nauli lakini umbea anausafirisha bure. Uliosha kotimiri ukaitia mbichi inachuruzika. Ukaongeza maji ili kisu kizunguke. Ukapata bwawa. Ukalifunga kwenye chupa, ukaliacha dirishani kwenye joto la Aden siku tatu, na kifuniko kikaruka mpaka kwenye dari mbele ya wateja! Katiba alinihadithia huku kashika mbavu. Inasemekana mteja mmoja alijificha chini ya meza.

Basi, nimeshacheka, sasa nisikilize.

Sijakwambia utaje jina langu. Jina langu likae nyumbani, sina haja nalo sokoni. Lakini mimi nina baba, na mtu akiulizwa habari za mkewe anaweza kusema "binti fulani" na wala asione haya. Wenzako wote husema. Wewe katika miaka kumi na sita ya ndoa hujawahi. Kabla ya Nashwan nilikuwa "wa nyumbani." Baada ya Nashwan nikawa "mama yake Nashwan." Kama jani lililoota ukutani.

Sote wawili tunajua kwa nini. Baba yangu Mukbil ni mkulima wa bustani ya msikiti. Anauza vitunguu majani na figili, na watu wa kabila lenu hawauzi mboga wala hawaoi kwa wauza mboga. Ami yako hakuja arusi yetu. Hajavuka lango la baba yangu hata kwa msiba wa mama. Lakini kotimiri ya sahawik anayoilambia vidole imekatwa na mkono wa Mukbil alfajiri, na imesagwa na binti yake. Hiyo ndiyo damu isiyofichika.

Juzi mtu kaja bustanini kununua figili, akamwambia baba, "Umesikia? Yule mtoto wa kabila anawatingisha Aden kwa sahawik yake." Baba akafunga figili akampa. Yeye amezoea kunyamaza, mimi nimeshindwa.

Sema mbele ya wanaume, na Ami yako akiwepo, sahawik hii inatoka wapi. Ukisema, makopo yatakuja. Usiposema, bonyeza blenda.

Takia binti Mukbil


Sheikh Uthman, Aden
20 Juni 1991

Kwa Mama Nashwan,

Barua yako ni kali kuliko kopo lako. Unanitaka nimtukane mtu aliyenilea, hadharani, harusini kwa watu? Kwa ajili ya neno?

Nimekosa nini mimi? Nilikuoa wakati ndugu zangu wote walinikataza. Hilo halitoshi?

Idi hii sitakuja. Kazi ni nyingi. Nimepata mwanamke wa hapa mtaani mwenye jiwe, atanisagia. Mpe Nashwan mkono wa Idi kwa niaba yangu.

Abdulwali


Sanaa, 24 Juni 1991

Kwa Abdulwali,

Idi imepita. Nashwan alikaa dirishani mpaka adhuhuri akitazama kila teksi.

Unauliza kama kunioa hakutoshi. Ulinioa kwa ushujaa, kisha ukaufunika ushujaa wako kwa blanketi. Mimi nilimpenda yule kijana aliyekuja bustanini akasema mbele ya baba, "Namtaka binti yako, waseme watakalo." Nampenda mpaka leo. Ukimwona huko Aden mpe salamu.

Takia binti Mukbil


Sheikh Uthman, Aden
1 Julai 1991

Kwa Takia,

Nimesema.

Nakuandikia haraka, soma polepole. Yule mama wa mtaani alisaga jana. Si mbaya, lakini ni pilipili tu, inaunguza na kuondoka zake. Nilichovya mkate nikajua nimekwisha. Nikafikiria kudanganya tena: nitasema pilipili za Aden ni mbovu, nitasema naumwa mkono. Nikaona aibu peke yangu jikoni.

Alasiri Mzee Salmin alitualika kutafuna mirungi. Chumba kimejaa, wafanyabiashara, ndugu wa bwana arusi, na Ami Sarhan kwenye mto wa heshima, jambia kiunoni, kafika asubuhi ile. Mzee Salmin akasema, "Alhamisi Abdulwali atusagie uani, wageni wote wamwone fundi mwenyewe!" Watu wakapiga makofi. Ami akanyanyua kidole: "Mtoto wa kabila huyo. Damu haifichiki."

Nikasimama. Mirungi imejaa shavuni, nikaitema. Nikasema, "Mzee Salmin, mimi sijui kusaga. Niliwadanganya. Kila kijiko mlichokula hapa, na kila ulichokula Sanaa, Ami, kimesagwa na binti Mukbil."

Mtu akauliza, "Mukbil yupi?"

Nikasema, "Mukbil wa bustani ya msikiti, muuza vitunguu majani. Mkwe wangu. Binti yake ndiye mama wa mwanangu, na bila mkono wake mimi ni mchemsha mchuzi tu."

Takia, mashavu yote yaliacha kutafuna. Ami alinitazama usoni. Akachukua bakora yake, akainuka, akatoka bila salamu. Mzee Salmin akabaki anachezea tasbihi. Mwishowe akasema, "Basi huyo binti Mukbil atatuletea?"

Nikasema, "Sijui. Nimemkosea."

Sikusema kwa ajili ya makopo. Usipoleta, nitawaambia wageni mpishi wa kweli amekataa, na ana haki. Kifua changu chepesi leo, sijui kilikuwa kimebeba nini miaka yote hii. Yule kijana wa bustanini nimemwona. Amezeeka kidogo.

Abdulwali, mume wa binti Mukbil


Sanaa, 3 Julai 1991, alfajiri

Mume wangu,

Hizam yuko mlangoni anapiga honi, mtaa mzima umeamka. Barua yako ilifika jana adhuhuri. Nimeisoma, nimelia, nimemsomea baba, kisha sikukaa tena. Baba na Nashwan wamekata kotimiri yote iliyokuwa bustanini, majirani wamekaa kumenya vitunguu saumu, na Katiba mwenyewe, shoga yangu mbea, kanisaidia kutoa vikonyo vya pilipili mpaka kajishika jicho akapiga kelele hadi msikitini. Lakini jiwe sikumwachia mtu.

Makopo ishirini. Nimefunika kila kopo kwa mafuta na kitambaa chenye maji. Usiyaache dirishani! Mwambie Ami yako, kama bado yuko, kwamba sina ugomvi naye.

Mkono hausikii tena, umekufa ganzi. Nakupenda.

Takia


Sheikh Uthman, Aden
5 Julai 1991

Binti Mukbil, malkia,

Kaa chini kwanza.

Vyungu viliingia ukumbini vinatokota, safu kwa safu, povu juu, mikate ya moto mikubwa kama magurudumu. Nikapita mwenyewe na sahawik, nikimwekea kila mmoja. Mwanzoni watu walizungumza. Kisha mazungumzo yakapungua. Kisha ikawa ni mikate inachanwa na pua zinavutwa tu. Mtu mmoja mnene kutoka Mukalla, ambaye alikuja akisema chakula bila wali si chakula, aliniita, "We bwana! Hii imesagwa na nani?" Nikapaza sauti, "Binti Mukbil wa Sanaa!" Na wa meza ya pili akauliza, na wa meza ya tatu, mpaka ikawa siulizwi tena, wanaitana wao kwa wao: "Nipitishie binti Mukbil! Binti Mukbil imekwisha huku!" Nilitamani ungekuwa umejificha nyuma ya pazia usikie. Walikomba vyungu mpaka jiwe likang'aa.

Mzee Salmin alinishika mabega mbele ya wote. Mkahawa ni wetu, Takia. Amempa mpishi wa wali jengo lake la bandarini, na mpishi mwenyewe alikula vyungu viwili, hana kinyongo.

Sasa Ami. Nilidhani amerudi Sanaa. Nilipokuwa nakusanya vyombo nikamwona mwisho wa ukumbi, mgongo ukutani, peke yake. Chungu chake kimekombwa. Alikuwa anapangusa kisahani cha sahawik kwa kipande cha mkate, polepole, pembe kwa pembe. Nikasimama mbele yake na vyombo mkononi. Hakuninyanyulia macho. Akasema, "Nimekula miaka kumi na sita." Basi. Nikampa kopo la mwisho, akalitia chini ya kikoi chake akaenda zake.

Njoo na Nashwan shule zikifungwa. Uani kuna mahali pazuri pa kuweka jiwe, upepo unapita.

Abdulwali wako


Sanaa, 16 Julai 1991

Kwa binti Mukbil,

Baada ya salamu. Kopo nililopewa Aden halikuvuka mlima, tulilila njiani mimi na dereva. Mke wangu hasadiki nimhadithialo. Tuma kopo jingine. Mtu wangu atapita kulichukua.

Sarhan


Sanaa, 17 Julai 1991

Kwa Ami Sarhan, baba wa mume wangu,

Nakuamkia kwa heshima zote. Sahawik ipo, na ni haki yako. Lakini haipokewi na mtu wa kutumwa. Ijumaa baada ya swala nitasaga bustanini kwa baba, kotimiri ikitoka ardhini inakwenda jiweni. Karibu uile ikiwa hai.

Takia binti Mukbil


Sanaa, 19 Julai 1991

Mume wangu,

Amekuja.

Nilikuwa nimeweka jiwe chini ya mzabibu, najifanya sina habari na lango. Nikasikia bakora. Baba alikuwa ameinama kwenye tuta la vitunguu majani, magoti yana tope. Ami yako akasimama langoni, ndani hakuingia na nje hakurudi. Nashwan kaniangalia. Nikaendelea kusaga.

Baba akanyanyuka. Akapangusa mikono kwenye nguo yake, akasema, "Ingia, Sarhan. Mkate unapoa."

Akaingia! Tulimwekea mto, hakuutaka. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji wa maji pamoja na baba, sahani moja katikati yao. Nikawapelekea sahawik kwenye bakuli, na nyanya iliyoparuzwa, na mkate. Walikula wameinamia sahani, kama wazee wenye njaa walivyo. Ami jasho likamtiririka mpaka kwenye ndevu. Baba akamwambia, "Kunywa maji." Akajibu, "Nikinywa maji itaondoka." Baba akacheka, Abdulwali. Sijamsikia baba akicheka vile tangu mama alipofariki.

Alipoaga nilimpa kopo. Baba naye akakata vitunguu majani fungu zima, akafunga kwa kamba ya mtende, akamnyooshea. Nikataka kumzuia. Unajua mwenyewe, mtu wa kabila lenu, na jambia kiunoni, habebi mboga sokoni mchana wa Ijumaa, afadhali abebe nyoka. Nashwan akasema haraka, "Babu, nikubebee." Ami akamwambia, "Kwani mimi sina mikono?"

Akatoka nalo. Nikajitanda nikamfuata kwa mbali, sikuweza kujizuia. Alipita katikati ya soko, majani ya vitunguu yananing'inia mkononi, watu wanasimama na kugeuka. Muuza zabibu, yule mchokozi, akamwita, "Ami Sarhan! Leo umebeba nini?"

Akasimama. Akasema kwa sauti ya kuamrisha vita, soko zima likasikia: "Mboga za mkwe wangu Mukbil. Una swali jingine?"

Muuza zabibu akarudi kupanga zabibu zake.

Nilirudi mbio nikamwambia baba. Alikuwa anaosha bakuli kwenye mfereji. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaziba mfereji ili maji yasipige kelele, akaniambia nirudie tena.

Takia